Siku Kumi za Kadi ya Njano

Muuguzi alikuwa ameshalowesha pamba kwa spiriti na kumkunjia mama mkono wa gauni alipouliza, "Mnasafiri lini?"

"Jumatatu," nikamjibu.

Akaiweka pamba chini. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 6 Juni 2023. Tiketi zetu, yangu na ya mama, za kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai kwa kupitia Addis Ababa, zilikuwa za tarehe 12. Tiketi nyingine mbili za ndege ya ndani, kutoka Mumbai hadi Chennai, zilikuwa za siku inayofuata. Viza zilishatoka. Hospitali ya Chennai ilishatuandikia kwamba mama atalazwa tarehe 14. Nilikuwa na faili la plastiki mapajani, kila karatasi ndani yake, na njia nzima kutoka Tanga nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto.

"Mama yangu," muuguzi akamwambia mama, wala si mimi, "chanjo hii ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa. Ukifika India kabla ya hapo, kadi ya njano utakuwa nayo mkononi, lakini kwao ni sawa na huna."

Akatueleza taratibu. India ina orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Ethiopia, ambako ndege yetu ingetua, imo. Mtu akitoka au kupitia katika nchi hizo bila cheti halali anaweza kutengwa mpaka zitimie siku sita tangu alipoondoka huko. Hawaangalii kama wewe ni mgonjwa, hawaangalii kama hospitali inakusubiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Kwa hiyo, mwanangu, tunarudi Tanga?"

Swali hilo bado linanikaa kifuani. Mama alikuwa ameshakaa na maumivu zaidi ya mwaka. Ugonjwa wake ni wake, sitaueleza hapa. Itoshe kusema alikuwa hawezi kukaa kitako zaidi ya saa moja bila kulala kidogo, na basi la Tanga hadi Dar peke yake lilikuwa limemchosha mpaka macho yamezama.

Tulifikaje hapo? Katika familia yetu mtu pekee aliyewahi kupanda ndege ni kaka yangu. Miaka ya nyuma alikuwa akifuata bidhaa Guangzhou, kwa hiyo yeye ndiye akawa mshauri wetu, na kwa moyo wote alitusaidia. Kuhusu chanjo alisema hivi: "Hiyo isikusumbue. Mkifika Dar mtachomwa, mtapewa kadi, kazi imekwisha." Yeye alichanjwa kitambo, na safari zake zilizofuata hakuna aliyemuuliza tena habari za siku kumi kwa sababu zilishapita zamani. Alisema alichokijua. Mimi ndiye niliyekuwa na wajibu wa kuhakikisha, sikuhakikisha. Na ishara nilikuwa nayo: pasipoti ya kaka ilikuwa imeandikwa kwamba inaisha 2024, lakini haikuwa na kazi tena, kwani pasipoti za zamani zilikoma kutumika mwishoni mwa Januari 2020, baada ya zile za kielektroniki kuanza kutolewa mwaka 2018. Kitabu cha mshauri wetu chenyewe kilikuwa kimepitwa na wakati, nami sikujiuliza kama na maelezo yake yamepitwa.

Nilipokaa kufikiri, niliona nilikosea wapi. Nilizipanga karatasi kwa ukubwa wa hofu yangu. Pasipoti ilinitisha, nikaanza nayo. Viza ilinitisha zaidi, nikaipa nguvu zangu zote. Kadi ya njano ni kikaratasi kinachokunjwa, nikakiacha cha mwisho. Lakini karatasi za safari, kama vyakula jikoni, kila moja ina muda wake wa kuiva, na huwezi kuuharakisha kwa kupuliza moto. Siku hizi ndugu au jirani akija kuniuliza habari za safari, namwomba kwanza kalenda. Tunaanza na siku anayotaka kufika, tunarudi nyuma: siku kumi za chanjo, siku za viza, wiki za pasipoti, na nyuma yake kabisa, cheti cha kuzaliwa.

Hilo la cheti cha kuzaliwa niliseme, kwa sababu ndilo lililotula muda mrefu kuliko yote. Mama alizaliwa 1960 kijijini upande wa Pangani, mikononi mwa mkunga wa mtaani, na hakuna aliyeandika chochote. Kwa watu wa umri wake hilo ni la kawaida. Kupata cheti cha mtu mzima RITA, wakala wa serikali wa usajili, kunataka ushahidi: vitambulisho, kiapo, watu wanaomjua tangu utoto. Anayewaza safari ya mzazi wake hata ya mwakani aanze na hapo leo. Sisi tulianza Februari.

Cheti kikatoka, na hapo ndipo tulipokutana na jina la babu. Kwenye kitambulisho cha taifa babu ni Omari. Kwenye cheti kipya, Omari. Kwenye karatasi za hospitali za miaka yote, Omary, na barua ya mwaliko kutoka Chennai, kwa kuwa ilinakili karatasi za hospitali, nayo ikaandika Omary. Huku kwetu hakuna anayeona tofauti. Shuleni mwalimu anaandika anavyopenda, zahanati inaandika inavyosikia. Lakini anayekagua dirishani hamjui babu yangu. Anaziona herufi tu, na herufi zikipishana, kwake ni watu wawili. Afisa uhamiaji wa Tanga, mama mmoja mtu mzima, alinionyesha kwa kalamu: "Jina la kwenye pasipoti ndilo litakuwa jina lake kuanzia leo. Kila kitu kingine kilifuate hili." Nikaandikia Chennai, wakaitengeneza upya barua ndani ya siku mbili. Pasipoti tulilipia shilingi 150,000 kila mmoja, kwa namba ya malipo, tukachukuliwa picha na alama za vidole.

Hapo kwenye alama za vidole mashine ilimkataa mama. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama amepika vitumbua kwa miaka thelathini, akigeuza chuma cha moto kwa vidole na kijiti, na ncha za vidole vyake ni laini, zinang'aa kama kokoto ya mtoni. Tulishapata taabu hiyo hiyo wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Afisa akampa kitambaa chenye maji, akamwambia afute, abonyeze kidogo tu, asikandamize. Vikasoma vinane kati ya kumi, na mashine ikakubali. Nilikiweka akilini kile kitambaa cha maji, na nilifanya vyema.

Viza ya India kwa mgonjwa huombwa mtandaoni. Mgonjwa ana viza yake ya matibabu, anayemsindikiza ana ya kwake, na kila mgonjwa anaruhusiwa wasindikizaji wawili, si zaidi. Ombi la mgonjwa linatangulia, kwani la msindikizaji linadai taarifa za mgonjwa wake. Unahitaji barua ya hospitali ya India yenye nembo yake, picha ya mraba yenye nyuma nyeupe, na ukurasa wa pasipoti uliopigwa skani. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita na kurasa mbili tupu. Maswali ya fomu ni mengi kuliko nilivyotazamia: dini, elimu, majina ya wazazi na mahali walipozaliwa, kama babu au bibi alikuwa raia wa Pakistani, na alama inayoonekana mwilini. Hilo la mwisho mama alilijibu kabla sijamaliza kulisoma. Akanyoosha mkono wa kushoto na kunionyesha kovu la mafuta ya moto, refu kama kiberiti, chini kidogo ya kifundo. "Andika hilo," akasema, "hilo halitafutika."

Kabla ya hapo, hata hivyo, tulikuwa tumeshapoteza pesa. Nilikwenda steshenari moja mjini, kama tufanyavyo wengi, nikamwomba kijana anijazie. Akaandika "viza ya India" kwenye simu yake, akafungua tovuti iliyotokea ya kwanza. Ilikuwa na bendera, ina picha ya Taj Mahal, kila kitu. Nikalipa kwa kadi ya benki zaidi ya shilingi laki mbili na nusu. Siku nne hakuna jibu. Nilipofungua mwenyewe simu usiku na kusoma kwa makini, niliona maandishi madogo chini kabisa kwamba hiyo ni kampuni binafsi isiyohusiana na serikali yoyote. Tovuti ya serikali ya India huishia na gov.in. Basi tazama mwisho wa anwani kabla hujatazama picha, maana picha kila mtu anaweza kuweka. Pesa ile hatukuipata. Niliomba upya mahali panapostahili tarehe 1 Juni, siku ya tatu majibu yakaja kwa barua pepe kwamba zimekubaliwa zote mbili. Nikazichapa nakala tatu tatu, maana unapofika wanataka karatasi.

Sasa turudi kwa muuguzi wetu.

Hakutufukuza. Alimwita daktari, kwa sababu mama alikuwa na miaka 63, na chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Kwa aliyezidi miaka 60 hatari ya madhara ni kubwa kidogo kuliko kwa kijana. Sikuwa nimelijua hilo pia. Daktari akasoma ripoti za mama ukurasa kwa ukurasa, akauliza dawa anazotumia, akauliza mzio, hasa wa mayai, akauliza kama ana ugonjwa wowote unaoshusha kinga. Alituambia wazi kwamba angeona mwili haufai angemwandikia barua ya kutochanjwa, lakini barua hiyo nchi unayokwenda inaweza kuikubali au kuikataa. Mwishowe akaridhika. Mama akachomwa, mimi nikachomwa.

Muuguzi alipoanza kujaza kadi ya mama, mkono wake ukaandika Omary. Akaona, akataka kuibadilisha y iwe i juu kwa juu. Nilikuwa nimeisoma kadi yangu nikisubiri, na ndani yake imeandikwa kwamba marekebisho au ufutaji wowote unaweza kuibatilisha. Kwa adabu nikamwomba, "Dada, samahani, tunaweza kupata nyingine mpya?" Akanitazama, akacheka kwa uchovu, akachana ile na kuchukua mpya. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe kwa siku, mwezi kwa herufi, kisha mwaka, saini, na mhuri wa kituo. Mama naye anatakiwa kutia saini. Aliinamia meza, akashika kalamu karibu kabisa na ncha kama alivyofundishwa kwenye ngumbaro, akaandika jina lake herufi moja moja, mpaka foleni nyuma yetu ikanyamaza. Kadi yake inaanza kutumika tarehe 16 Juni, na haina mwisho. Tangu Julai 2016 chanjo hii inahesabika kwa maisha yote ya mtu, si miaka kumi tena kama zamani.

Tulibadilisha safari iwe tarehe 17. Tiketi ya kimataifa tulilipa faini pamoja na tofauti ya nauli, zaidi ya laki tatu kwa wote wawili. Tiketi za ndani ya India zilikuwa za bei rahisi zisizobadilishwa, zikapotea, tukanunua nyingine. Hospitali ikasogeza kulazwa hadi tarehe 20. Pesa inauma lakini hutafutwa. Kilichonitesa ni siku tano za nyongeza tulizokaa kwa shangazi Mbagala, mama akilala ubavu mmoja kwenye mkeka sebuleni, akinyamaza ili nisijisikie vibaya. Nilijua ananyamaza kwa ajili yangu.

Shangazi alituhudumia kwa kila alichonacho. Aliwahi kumsindikiza mumewe India mwaka 2014, na jioni moja alifungua kasha akatoa noti nne za rupia mia tano, alizozihifadhi ndani ya bahasha. "Mtaanzia nazo hizi mkifika, mpate chai." Ilinibidi nimweleze kwamba noti zile zilifutwa Novemba 2016 na haziwezi kununua hata maji. Akazirudisha kwenye bahasha polepole. Zilikuwa za marehemu.

Fedha, basi, ibebeni kwa dola, noti safi zisizochanika wala kuandikwa, mbadilishe kule. Ukiwa na noti taslimu za kigeni zaidi ya dola 5,000, India inakutaka uzitangaze forodhani unapoingia, nawe ukiwa mgonjwa unayekwenda kulipa hospitali unaweza kufika kiasi hicho bila kujua. Sisi tulifanya jambo moja jema hapo: tuliomba makadirio ya gharama kwa maandishi mapema, tukatuma malipo ya kuanzia benki kwa benki wiki mbili kabla. Ilichukua siku kadhaa kufika, kwa hiyo nalo liandike kwenye kalenda. Na kadi ya benki ipigie simu benki yako wakufungulie matumizi ya nje kabla hujaondoka. Kule wenyeji hulipa hata nyanya kwa simu, lakini wakati ule mfumo wao ulitutaka tuwe na akaunti ya nchini mwao. Sisi tulitembea na noti.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa mizigo. Tiketi ya kimataifa ilituruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila mmoja, na ndugu wakaona nafasi hiyo ni zawadi: unga wa sembe, dagaa, mchele wa Kyela, mbaazi, hata chungu kidogo. Lakini ndege za ndani za India, ukinunua tiketi yake kando kama sisi, nyingi huruhusu kilo 15 tu, na kilo za ziada hulipiwa moja moja. Nilipima kila kitu kwa mizani ya duka la jirani, nikaacha mchele. India wana mchele. Unga wa sembe nilichukua kilo nne, na sijutii hata punje; siku ya tisa baada ya upasuaji, mama alipoonja uji wa sembe ndipo nilipoona uso wake umerudi.

Dawa za mama nilizibeba mkononi pamoja na cheti cha daktari. Mafuta ya nazi, chupa ya nusu lita, niliyasahau kwenye mkoba wa mkononi, yakabaki ukaguzini Dar, kwani majimaji hayaruhusiwi kuzidi mililita 100 kila chupa. Kiti cha magurudumu niliomba wakati wa kununua tiketi, si uwanjani. Nasisitiza hilo kwa yeyote mwenye mzazi mgonjwa: kiombe hata kama mzazi anasema anaweza kutembea. Addis Ababa umbali kutoka lango moja hadi jingine ungemmaliza.

Tulishuka Mumbai usiku wa manane. Kabla ya madirisha ya uhamiaji kuna meza ya maafisa wa afya, na wasafiri waliotoka au kupitia nchi za orodha ile huelekezwa pale kwanza. Mbele yetu alikuwa kijana mmoja, na kwa Kiingereza chake nadhani alitoka nchi ya Afrika Magharibi. Alitoa kadi, afisa akaitazama, akahesabu kwa vidole kwenye kalenda ya mezani, kisha akamrudishia bila kuipiga mhuri na kumwonyesha benchi la ukutani. Alichanjwa siku nne kabla. Kijana alieleza, akaonyesha barua, akampigia mtu simu, sauti ikaanza kukatika. Nilimtazama nikiwa nimeshika mpini wa kiti cha mama, na miguu yangu ikalegea. Benchi lile lilikuwa letu. Tungefika tarehe 13 tungekaa pale, na mama asingeweza kukaa kwenye ubao ule hata nusu saa.

Afisa alifungua kadi ya mama, akasoma tarehe, akasoma jina, akalinganisha na pasipoti herufi kwa herufi, kidole chake kikipita chini ya kila neno. Omari. Akapiga mhuri.

Uhamiaji, wenye viza za mtandaoni wana madirisha yao, na hapo ndipo wanapokupiga picha na kuchukua alama za vidole. Nikakumbuka Tanga. Nilikuwa na kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, nikamfuta mama vidole kimoja kimoja, nikamnong'oneza, "Usikandamize, mama, gusa tu." Mara ya kwanza ilikataa. Ya pili ikapita. Wakati ule tulijaza pia kikaratasi cha kuwasili kinachouliza utakapofikia na simu ya huko; tangu Oktoba 2025 hujazwa mtandaoni, bure, ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Kwa vyovyote vile anwani ya nyumba ya wageni iwe kichwani au kwenye karatasi, si kwenye barua pepe isiyofunguka bila intaneti. Viza ya mgonjwa inahesabiwa siku 60 kuanzia siku ile unayoingia, na matibabu yakizidi, maombi ya kuongeza hupelekwa kwa ofisi ya kusajili wageni kabla hazijaisha. Sisi tulikaa siku 41.

Chennai tulifikia mtaa wa Greams Road, ambako nyumba za wageni zimejaa wagonjwa na ndugu zao kutoka kila pembe. Mwenye nyumba alituomba pasipoti zote mbili kabla hata ya kutupa ufunguo, nami nikakataa. Nilikuwa nimeapa kutoziachia. Akanieleza kwa subira kwamba sheria inamtaka aripoti kila mgeni kutoka nje ndani ya saa 24. Akazipiga nakala mbele yangu, akanirudishia. Laini ya simu nayo ilitaka nakala ya pasipoti, nakala ya viza na picha ndogo. Nilikuwa nimebeba picha kumi kila mmoja, na zilikwisha zote. Soketi zao ni za matundu ya duara, chaji zetu za miguu bapa hazikuingia. Mambo madogo, lakini saa nane za usiku, na simu imezima, na ndugu Tanga hawajui kama mmefika, hayawi madogo.

Hospitali sitaieleza sana. Walimtibu vizuri. Kitu kimoja kilinishangaza kwa furaha: asubuhi ya kwanza nje ya lango palipangwa bajaji, za manjano, injini ile ile, mlio ule ule wa kwetu, na mama aliyekuwa hajaongea tangu Mumbai akasema, "Kumbe tumefika nyumbani kwao." Kila asubuhi dereva mmoja alimwamkia kwa Kitamil, vanakkam, na mama alimjibu marahaba.

Wakati wa kurudi daktari alitupa barua ya kuthibitisha kwamba mama anaweza kupanda ndege baada ya upasuaji. Shirika la ndege liliidai kabla ya kutoa kiti. Na kuna jambo la viwanja vya India ambalo kaka hakulijua, wala mimi, ila mwenye nyumba alituambia jioni ile ya mwisho: hapo huingii ndani ya jengo kabla askari wa mlangoni hajaona tiketi na pasipoti yako. Aliyekuja kukusindikiza anabaki nje. Simu ikiwa imezima na tiketi imo humo, nawe unabaki nje.

Basi nikatoka usiku kutafuta pa kuchapia. Niliporudi nikamkuta mama amekaa kitandani, amekaa kweli, mgongo wima, anafunga begi. Nikampa karatasi zake. Akazikunja mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga pamoja na kadi ya njano, na alfajiri, mlangoni pa uwanja wa Chennai, askari alipoinua mkono kutusimamisha, mama alikuwa ameshaanza kulifungua fundo.